UKURASA WA AFYA: Duka la Bangi Mtaani, Peremende Nyumbani

Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi, tena kwa kunong'ona, hasa na walioko Toronto na Mississauga: kukaa karibu na duka la bangi kuna madhara gani?

Kanada iliwaruhusu watu wazima kutumia bangi tarehe 17 Oktoba 2018. Hapa Ontario maduka ya kwanza yalifunguliwa Aprili 2019, machache, kwa bahati nasibu. Mwaka 2020 kizuizi cha idadi kikaondolewa, na kufikia mwisho wa 2021 maduka yalikuwa yamepita 1,000. Mississauga ilikataa kwa muda, kisha Aprili 2023 baraza la mji likakubali. Sheria yataka duka liwe mbali na shule kwa mita 150 au zaidi, na mnunuzi awe ametimiza miaka 19. Lakini hiyo ni sheria ya dukani. Mfuko ukishaingia nyumbani, askari ni sisi wenyewe.

Wengi wenu mnahofu moshi na harufu. Mimi nahofu zaidi ile ya kuliwa: peremende laini, chokoleti na biskuti, ambazo zilianza kuuzwa baadaye, kuelekea mwaka 2020. Watafiti wa Ontario walihesabu watoto wa chini ya miaka 10 waliopelekwa hospitali kwa dharura baada ya kula au kumeza bangi. Tangu 2016 hadi mapema 2021 walikuta safari 522. Wastani wa kila mwezi ulipanda kiasi cha mara 9 baada ya vyakula hivyo kuingia madukani. Karibu theluthi moja ya watoto walilazwa. Alhamdulillahi, hakuna aliyekufa. Jimbo la Quebec, ambalo halikuruhusu peremende wala chokoleti za bangi, lilipata ongezeko dogo zaidi la watoto waliolazwa.

Sasa niseme linalotuhusu sisi. Pakiti halali ni ngumu mtoto kuifungua, na ina alama nyekundu yenye jani la bangi na herufi THC. Lakini kijana wetu anajua baba akiiona patawaka moto. Basi huzitoa peremende kwenye pakiti, akazitia mfuko wa koti au mkebe wa biskuti. Kwa kuogopa aibu ameondoa kinga zote mbili, na bibi anayelea wajukuu hana habari. Siri hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko duka lenyewe.

Kwa hiyo nawaomba haya:

1. Wazee, semeni na vijana kwa upole. Mkataze matumizi mkipenda, lakini mwambieni wazi: kama kitu kimo ndani, kibaki kwenye pakiti yake, kwenye kabati lenye kufuli.

2. Mjukuu akienda kulala kwa watu, ulizeni kama mnavyouliza habari za mbwa mkali. Si utovu wa adabu.

3. Mtoto akilegea, akipepesuka, akitapika au akilala usingizi mzito usio wa kawaida, msingoje. Bangi ya kuliwa huweza kuchukua saa moja au mbili kabla ya kuonekana, kisha hukaa saa nyingi. Akiwa haamki au anapumua kwa shida, pigeni 911. Vinginevyo pigeni kituo cha sumu, 1-844-764-7669.

4. Mkifika hospitali, tamkeni neno bangi, msilimeze. Daktari asiyeambiwa atatafuta homa ya uti wa mgongo, pengine amchome mtoto sindano ya mgongoni bure, na wakati unapita.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Majirani watasema siku mbili watachoka. Mtoto ni wetu sote.

Wasalaam, na tuonane mwakani tukiwa wazima.