Zaburi mbili za historia moja

Ukipata nafasi leo baada ya ibada, soma Zaburi ya 105, kisha uendelee na ya 106. Zote zinasimulia habari ileile: Misri, bahari, jangwa. Ya kwanza haitaji kosa hata moja la Waisraeli. Ni matendo makuu ya Mungu tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili imejaa maasi yao, pamoja na ile ndama ya dhahabu. Waliokusanya Zaburi hawakuifuta hata mojawapo. Waliziweka jirani.

Nazikumbuka zaburi hizi kila mazungumzo ya Vita vya Majimaji yanapozuka, hasa tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, afike Songea Novemba 1, 2023 na kuomba msamaha kwa yale nchi yake iliyowatendea mababu zetu. Makanisani nako watu hawakulipokea jambo hilo kwa namna moja. Wapo walioguswa, wapo waliouliza msamaha bila fidia ni msamaha gani, na wapo waliosema yaliyopita si ndwele.

Hawa wa mwisho ndio wanaonipa shida. Ni rahisi kusema hivyo kama kidonda si chako. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni pale Songea; mnara wao upo na kila mwaka wanakumbukwa. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Huwezi kumwambia mjukuu agange yajayo wakati babu yake hajazikwa mzima.

Lakini sisi Wakristo tuna mzigo wa ziada. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa akiwa safarini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Kwa waumini wengi wa kusini hao ni mashahidi wa imani. Basi katika benchi moja kanisani anaweza kuketi mtu anayemwombea askofu na mwingine anayejivunia nduna. Mara nyingi ni mtu huyohuyo.

Na hapo hakuna upande unaotoka safi. Kabla ya vita, mmisionari mmoja wa Peramiho alikuwa amechoma kibanda cha matambiko cha Wangoni, na kwao Injili na bunduki zikaonekana zimekuja kwa mkono mmoja. Kwa upande mwingine, askari wengi walioteketeza mashamba na maghala kwa amri ya Wajerumani walikuwa Waafrika. Njaa iliyofuata iliua kuliko risasi. Makadirio ya vifo yanafika 300,000. Tunapofundisha watoto kwamba Majimaji ilikuwa umoja wa makabila dhidi ya mkoloni, tunasema kweli, ila tunaimba Zaburi ya 105 peke yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo husemwa kwa nadra. Baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa na padri muda mfupi kabla ya kupandishwa kitanzini. Unaweza kuona humo huruma ya Kristo kwa mtu anayekufa, kama kwa yule mwizi msalabani. Unaweza pia kuuliza kwa nini padri aliingia gerezani na maji ya ubatizo, na kitanzi kikabaki palepale. Mimi nayaona yote mawili, na sioni sababu ya kulazimishwa kuchagua. Hata hivyo, kwa ubatizo huo wale watu ni marehemu wa Kanisa kama alivyo Askofu Spiss.

Siku ile Steinmeier alipokuwa Songea ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kesho yake, kama kila Novemba 2, Wakatoliki waliwaombea marehemu wote. Parokia zilizo karibu na kaburi la Songea Mbano zinaweza kuyasoma majina ya pande zote mbili katika Misa hiyohiyo, la askofu na la nduna, hata kabla fuvu halijapatikana.