Tom na Jerry Wana Wenyewe! Nyie Mnaofuta Majina Mnajijua

Leo sina salamu ndefu. Nina neno na nyie wenye kurasa za vichekesho. Mnachukua kipande cha Tom na Jerry, mnakata mwanzo wenye majina ya walioifanya kazi, mnabandika nembo yenu katikati ya skrini, halafu chini mnaandika "tufuate kwa vichekesho zaidi". Siwataji. Mnajijua, na wafuasi wenu wanawajua.

Mkiulizwa, jibu ni lile lile: "Aah bana, katuni tu hiyo, nani anajali nani alichora?" Sawa. Tuanzie pale Tom na Jerry walipoanzia, tuone kama ni "katuni tu".

Mwaka 1940 studio ya MGM kule Hollywood ilitoa filamu fupi ya dakika kama 9, inaitwa Puss Gets the Boot. Ndiyo ya kwanza kabisa ya hawa jamaa wawili. Hata jina la Tom lilikuwa bado, paka anaitwa Jasper. Anamtesa panya kwa raha zake mpaka anavunja kitu ndani ya nyumba. Mama anayetunza nyumba anakuja juu: ukivunja kingine tena, nje!

Sasa tazama akili ya panya. Anapanda juu, anashika glasi pembeni kabisa, anaininginiza. Paka anaganda. Yule aliyekuwa mbabe dakika moja iliyopita sasa anakimbia huku na huku kudaka vyombo visifike sakafuni. Nguvu zote anazo, makucha anayo, lakini kafungwa mikono na glasi moja. Mwisho wa siku nani katupwa nje? Paka. Panya kabaki na nyumba.

Utani huo una zaidi ya miaka 80 na bado unakuvunja mbavu kwenye daladala mpaka jirani anakuchungulia simu. Haukudondoka kutoka mbinguni. Filamu inakimbia picha 24 kila sekunde. Piga hesabu ya dakika 9, unakaribia picha 13,000. Hata kama mchoro mmoja mara nyingi ulitumika kwa picha mbili, bado ni maelfu ya michoro, kwa mkono. Kisha kuna kazi ya kuihamishia kwenye karatasi angavu na kuipaka rangi, kazi ambayo studio za wakati ule ziliwaachia zaidi wanawake, na majina yao hayakuandikwa kwenye skrini.

Ila kilichonichosha zaidi ni hiki. Waliobuni ile filamu na kuiongoza ni William Hanna na Joseph Barbera. Ukiitazama mwanzo wake, hawapo! Jina lililowekwa ni la prodyuza, Rudolf Ising. Filamu ikapendwa, ikateuliwa kuwania Oscar, na wenyewe hawakuonekana hata kwa herufi ndogo.

Mchezo ukaendelea. Tom na Jerry wakaja kubeba Oscar 7, kuanzia The Yankee Doodle Mouse ya 1943 mpaka Johann Mouse. Safari hii Hanna na Barbera wanaandikwa kama waongozaji, lakini taratibu za tuzo ya filamu fupi zilikuwa zinampa sanamu prodyuza. Kwa hiyo sanamu zote 7 zikaenda kwa Fred Quimby, mkuu wa idara ya katuni pale MGM. Mtu wa biashara ya filamu, hakuwa mchoraji. Waliokesha na penseli wanapiga makofi wakiwa wamekaa.

Najua kuna mdau tayari anaandika: "Lakini Hanna na Barbera wanajulikana dunia nzima, wameibiwa nini?" Swali zuri. Wanajulikana kwa sababu MGM ilipofunga idara ya katuni mwaka 1957, walifungua kampuni yao na kuipa majina yao wenyewe. The Flintstones, Scooby-Doo, yote yakatoka yakiwa na jina la Hanna-Barbera. Jina walijirudishia kwa jasho lao.

Asiye na uwezo wa kufungua kampuni je? Yule mama wa nyumba anayemfokea paka, ambaye tunaona zaidi miguu na soksi zake, sauti ni ya Lillian Randolph, mwigizaji Mmarekani mweusi. Alikuwa maarufu redioni, na yumo hata kwenye It's a Wonderful Life ya 1946. Ndani ya Tom na Jerry jina lake halikuandikwa. Halafu, kwa vile mhusika mwenyewe alikuwa kejeli ya mwanamke mweusi mfanyakazi wa ndani, na watu wa haki za weusi wakalalamika kwa haki kabisa, studio ikaja kurekebisha. Ikarekebishaje? Miaka ya 1960, ili kuzirusha kwenye televisheni, baadhi ya filamu zilichorwa upya akawekwa mwanamke mweupe na sauti nyingine. Miaka ya 1990 sauti ya Randolph ikaondolewa tena, akarekodi mtu mwingine.

Yaani walioandika na kuchora ile kejeli walibaki na kazi zao. Aliyefutwa ni yule dada, mara ya kwanza jina, mara ya pili sauti.

Kwa hiyo mkisema "katuni tu", mnarudia tabia ya zamani kwa simu mpya. Tena Quimby angalau alikuwa anaongoza idara na kutafuta bajeti. Nyie mmefanya nini zaidi ya kupunguza urefu wa video?

Na tusidanganyane, hamuishii kwa Wamarekani waliokwisha kufariki. Kijana anayechora mwenyewe, anakesha wiki tatu kwa video ya dakika moja, anaweka saini yake kwenye kona. Mnaikuza picha mpaka kona inatoka nje. Matangazo yanakuja kwenu, yeye anaambiwa ashukuru "kutangazwa". Kutangazwa kwa jina gani, wakati mmelikata?

Kuna wa kusema mambo ya wazungu wa zamani hayatuhusu. Kwanza, Lillian Randolph hakuwa mzungu. Pili, kama hayatuhusu, achane na video zao.

Dawa yake haigharimu hata bando. Acha saini ilipo. Andika jina la aliyechora, aliyetoa sauti, aliyepiga muziki. Humjui? Andika "simjui aliyefanya hii, anayemjua amtaje", watu wa mtandaoni watamtafuta kabla hujamaliza chai. Ukiona mwenyewe kajitokeza anadai kazi yake, usimfungie, mpe haki yake.

Haya, uwanja wa maoni uko wazi, njooni mnitukane. Ila kabla ya tusi, taja jina la mchoraji mmoja tu ambaye kazi yake uliisambaza wiki hii. Nasubiri.