Skeli Iliyoandikwa Isitupumbaze

Wanakiswahili wenzangu, nina neno. Tukiona 1:50,000 kwenye ramani ya Jiografia, sote twajua sentimita 2 ni kilomita 1. Twapata alama, twafunga daftari. Lakini kwetu Njoro, ambako mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa baada ya uhuru wa 1963, hesabu hiyo nusura ivunje ujirani.

Jirani alimjia babu na fotokopi ya mchoro wa mashamba, juu imeandikwa 1:2,500. Akapima upande wetu kwa rula: sentimita 2. "Mzee, hizi ni mita 50, na ua wako una mita 100. Umenimeza!" Babu akanyamaza. Mimi nikaomba rula.

Kutoka kona ya shule hadi kona ya josho, mahali pasipogombaniwa na yeyote, karatasi ilionyesha sentimita 4. Tukaenda na tepu sote watatu: mita 200. Hizo ni sentimita 20,000. Gawanya kwa 4, wapata 5,000. Kumbe skeli ni 1:5,000! Mashine ya fotokopi ilipunguza mchoro nusu, tarakimu zikabaki zilezile. Basi sentimita 2 zetu ni mita 100, kama ua ulivyo.

Kwa maoni yangu, walimu watupe michoro ya namna hii, hata iliyochakaa, na watutoe nje na tepu. Skeli ya mstari, ile iliyochorwa kama rula chini ya ramani, hupungua pamoja na mchoro. Mbona twairuka kila mwaka?

Jirani alikunywa chai kwetu, ila fotokopi yake aliikunja akaondoka nayo.