Tangazo Lililobaki Ubaoni: Akina Mama wa Sapiwi na Mkopo Usio na Riba



Ndugu msomaji, safu yetu ya habari za tunakoishi wiki hii inatoka katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Ni kata ya vijiji, na riziki ya wakazi wake imefungamana na pamba na mifugo. Waislamu hapo ni wachache miongoni mwa majirani zao, na pengine uchache huo ni sehemu ya kisa ninachotaka kukisimulia.

Nilikuwa gulioni, nikanunua dagaa kwa mama mmoja ambaye jina lake nitalisitiri. Baada ya kusalimiana akanieleza kwamba siku hizi hauzi dagaa kwa faida, bali anauza ili alipe deni. Katika miezi ya palizi, pamba ikiwa bado shambani na fedha zikiwa haba nyumbani, yeye na wenzake wanne walikopa kwa mtu anayetoa ile mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu. Kila mmoja alipewa shilingi 200,000 na kutakiwa kurejesha shilingi 6,500 kila siku kwa siku 40. Msomaji akipiga hesabu ataona kuwa jumla yake ni shilingi 260,000.

Nikamwuliza, "Mama, kwa nini hamkwenda kuomba ule mkopo wa halmashauri?"

Akajibu bila kusita, "Ustadhi, ule tuliukimbia kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu. Tulisikia mikopo yote ya serikali ina riba."

"Na huyu mliyemwendea, hakuwatoza riba?"

"Hakutaja riba. Alisema ile ya juu ni ada ya huduma."

Nilinyamaza kwa muda. Akina mama hawa walikuwa na nia njema kabisa. Walikimbia mkopo usiokuwa na riba wakidhani unayo, wakaangukia ulio na riba kwa kuwa umebandikwa jina jingine. Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu hufuata hali halisi ya jambo. Kuiita riba ada hakuihalalishi. Lakini makosa hayo hayakutokana na udhaifu wa imani. Yalitokana na habari kutowafikia.

Basi habari yenyewe ni hii. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya kuvikopesha vikundi vya wananchi. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ni ya vijana, na 2 ni ya watu wenye ulemavu. Sheria hiyo hiyo inasema mikopo hiyo haitozwi riba. Kinachokopwa ndicho kinachorudishwa. Mwaka 2023 serikali iliisitisha kwa muda ili kurekebisha utaratibu, baada ya kubainika kuwa fedha nyingi hazikurejeshwa na kwamba baadhi ya vikundi vilikuwa vya kwenye karatasi tu. Mwaka 2024 ilirejeshwa.

Mlango wa kuingilia hauko mbali. Ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye wazee wetu bado humwita bibi maendeleo hata akiwa mwanamume. Wenye nia moja huunda kikundi, huandika katiba yao, husajiliwa katika halmashauri, hufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, kisha huandika andiko la mradi wao: ufugaji wa kuku, ushonaji, uuzaji wa nafaka au dagaa. Afisa huyo ndiye anayewaelekeza idadi ya wanachama na fomu zinazotakiwa kwa wakati huo. Asije mtu akawatoza fedha kwa madai ya kuwaharakishia jambo hili. Hiyo ni rushwa, na haramu yake haina mjadala.

Nikatoka gulioni nikaenda msikitini. Baada ya swala ya Ijumaa niliomba ruhusa ya imamu, nikawauliza waumini swali moja: ni nani aliyehudhuria mkutano mkuu wa kijiji uliopita? Mikono iliyoinuliwa ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja alisema mkutano ulikuwa siku ya shamba. Mwingine alisema mikutano hiyo ni ya wenyeji wenye ukoo mkubwa. Mzee mmoja alisema kwa uwazi kuwa alidhani ni mambo ya vyama.

Hapana, ndugu zangu. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18, mwanamume na mwanamke, wa ukoo wowote na wa dini yoyote. Unapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa, hapo ndipo mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji huulizwa maswali, na hapo ndipo matangazo kama haya ya mikopo hutolewa. Viongozi waliopo walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024. Kura tuliwapigia sisi. Mkutanoni tunawaachia wengine wawasikilize.

Matangazo mengine hubandikwa ubaoni katika ofisi ya mtendaji. Ubao huo unamsaidia anayepita hapo na anayejua kusoma. Mama anayeamka alfajiri kwenda shambani, akirudi na kuni kichwani, hapiti hapo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Na tangazo la ubaoni kwa mama huyo ni fimbo ya mbali.

Ndiyo maana naleta pendekezo, si kwa Sapiwi peke yake bali kwa kila msikiti wa kijijini na wa pembezoni mwa mji. Kila msikiti uteue watu wawili waaminifu, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wanaojua kusoma na kuandika. Kila Alhamisi mmoja wao apite ofisi ya kijiji na ya kata, anakili matangazo katika daftari kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Siku ya Ijumaa, baada ya swala na wala si wakati wa khutba, yasomwe kwa dakika chache. Yule dada ayapeleke katika darasa la akina mama. Na watoto wa madrasa warudi nayo nyumbani kama wanavyorudi na hesabu zao.

Yule mzee aliyetaja vyama alinipinga. Alisema msikiti si ofisi ya serikali, na mlango huo ukifunguliwa siasa itaingia nao. Hofu yake ni ya haki, nami naiheshimu. Kwa hiyo liwekwe sharti: lisomwe tangazo la huduma tu, na lisisomwe la mgombea wala la chama. Lakini tukumbuke pia kwamba msikiti wa Mtume (s.a.w.) pale Madina ulikuwa mahali pa swala, pa elimu, pa kupokea wageni na pa kushughulikia shida za watu. Kumjulisha jirani haki yake hakuuondolei msikiti heshima.

Wala si mikopo tu. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Mpango wa RITA wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka 5 umeishusha kazi hiyo hadi ofisi za watendaji wa kata na vituo vya tiba, na cheti hutolewa bila malipo. Ni wajane wangapi miongoni mwetu wamehangaika na mirathi, mlango baada ya mlango, kwa sababu tu kifo cha mume hakikuandikishwa mapema? Tangazo la dakika moja lingewaondolea adha hiyo.

Neno la mwisho ni kwa watakaokopa. Kutokuwa na riba hakuufanyi mkopo kuwa sadaka. Ni deni, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Fedha mnayoichelewesha ninyi ndiyo inayosubiriwa na kikundi kingine cha akina mama. Tusiingie katika orodha ya vikundi vilivyoharibu jambo jema. Na anayeona hawezi kulipa asikope. Aanze na kuweka akiba pamoja na wenzake, kidogo kidogo.

Kabla sijaondoka nilirudi gulioni kumuaga yule mama. Alikuwa amebakiza siku 11 za kulipa deni lake. Aliniuliza bibi maendeleo huwa ofisini siku gani, nami sikujua. Kijana mmoja aliyekuwa akinunua dagaa pembeni yetu akasema kwamba yeye hupita ofisi ya kata kila siku, na kwamba jioni hiyo hiyo atamletea jibu nyumbani. Ndivyo habari ya kijiji inavyopaswa kutembea.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani wema, atuepushe na riba kwa majina yake yote, na atupe riziki za halali.

Wabillahi tawfiq.