Ukumbi Ukigawanywa, Mitambo Nayo Igawanywe

Kongamano la kwanza la kila mwaka la ugatuzi nchini Kenya lilifanyika Kaunti ya Kwale mwaka 2014. Diani, iliyo katika kaunti hiyo, haiishi kwa watalii wa ufuoni pekee. Mvua za masika zinapoanza na wageni wa Ulaya kupungua, semina na makongamano husaidia kuwaweka kazini wapishi, madereva na wahudumu wa pwani ya kusini. Tangu kampuni ya madini ya Base Titanium ikomeshe uchimbaji mwezi Desemba 2024, kaunti hii haina ajira ya kuchezea. Biashara ya mikutano inastahili kufanywa vizuri.

Ndiyo maana ukumbi wenye ukuta wa kukunja unapendwa. Asubuhi unabeba mkutano mmoja mkubwa. Mchana ukuta unafungwa, vinapatikana vyumba viwili au vitatu. Matatizo huanza pale ukuta unaponunuliwa kwanza, kisha fundi wa sauti akaitwa mwishoni, rangi ikiwa imeshakauka.

Ukuta huo huzuia macho kwa urahisi, lakini sauti ina njia zake. Hupanda juu ya dari, ikapita kwenye uwazi ambao hakuna aliyeuziba, ikashukia upande wa pili. Hupenya pia chini, pale mpira wa ukingoni ulipochakaa. Penye paa la makuti lililo wazi, ukuta wa kukunja hausaidii sana, hata uwe mnene vipi.

Maiki isiyo na waya ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mawimbi yake hayazuiliwi na ukuta wa aina hiyo. Vyumba viwili vikitumia masafa yale yale, maneno ya mkufunzi wa wauguzi yanaweza kutokea kwenye spika za mkutano wa wavuvi. Jambo la siri la mgonjwa likitajwa hapo, kuomba radhi hakutalirudisha.

Ukumbi ukiwa wazi, kuna kazi nyingine. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Spika za mbele zikiwa mita 17 kutoka za nyuma, aliyekaa nyuma husikia neno mara mbili, la pili likiwa limechelewa kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Maneno huvurugika. Fundi anayejua kazi huchelewesha spika za nyuma kwa kiasi hicho hicho, na ukuta ukifungwa huondoa ucheleweshaji huo, kwa kuwa nyuma sasa ni chumba kinachojitegemea.

Mitambo ya kisasa hufanya hayo yenyewe: kihisi kidogo kwenye reli huiambia kama ukuta umefungwa au uko wazi. Asiye na fedha hizo ana njia nyepesi. Kila sehemu ya ukumbi iwe na mikisa yake, projekta yake, skrini na soketi zake. Uwepo waya mmoja wa kuziunganisha. Na kila maiki iandikwe chumba chake na masafa yake.

Kwa mikutano ya umma, hili ni suala la haki. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Mzee aliyetoka Lungalunga kuja kujadili bajeti hajashirikishwa ikiwa alichosikia ni mvumo tu. Kiziwi naye hajashirikishwa ikiwa mkalimani na skrini vimebaki upande wa pili wa ukuta.

Basi kila anayekodi ukumbi, iwe ni kaunti, shirika au chama cha ushirika, afike siku moja kabla ya mkutano. Aagize ukuta ufungwe, maiki za pande zote ziwashwe kwa pamoja, kisha akae kiti cha nyuma kabisa na kusikiliza. Akisikia mazungumzo ya jirani, asitie saini mpaka kasoro hiyo irekebishwe.