KURA 33 KWA 31



Kati ya barua zilizofika mezani juma hili ipo moja ya mzee wa kigango anayeuliza hivi: kwa nini vyama vinavyopigania haki ya wananchi hugombana vyenyewe kwa vyenyewe kabla ya kufika vinakokwenda? Ameuliza vema. Ningeweza kumjibu kwa maneno ya jumla, lakini maneno ya jumla hayashibishi. Afadhali tutazame chama kimoja tu, tukifuate tangu kuzaliwa kwake. Nimechagua chama cha MDC cha nchi ya Zimbabwe, maana mahali kilipopasuka panaonekana wazi kama ufa katika chungu.

Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980 baada ya vita virefu. Chama cha Bwana Robert Mugabe, ZANU-PF, kilishika serikali. Chama kingine kikubwa kilikuwa ZAPU cha Bwana Joshua Nkomo, chenye nguvu hasa katika nchi ya Wandebele, yaani Matabeleland. Miaka ya mwanzo ya uhuru askari wa serikali waliua watu wengi huko, na Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki, pamoja na shirika moja la wanasheria, ndiyo iliyoandika habari za mauaji hayo katika taarifa ya mwaka 1997. ZAPU ikamezwa na ZANU-PF mwaka 1987. Tangu hapo Mugabe hakuwa na mpinzani wa kumnyima usingizi. Tafadhali msomaji usisahau neno hili la Matabeleland, maana tutalirudia.

Chama cha MDC kilizaliwa mjini Harare mwezi wa Septemba 1999. Wazazi wake walikuwa vyama vya wafanyakazi, wanafunzi, wanasheria na watu wa makanisa. Kiongozi wake alikuwa Bwana Morgan Tsvangirai, mtoto wa kwanza kati ya watoto tisa wa fundi mwashi, mtu aliyefanya kazi katika mgodi wa Bindura kabla ya kuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi. Makamu wake alikuwa Bwana Gibson Sibanda, na Katibu Mkuu akawa Bwana Welshman Ncube, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu. Hawa wawili walikuwa Wandebele. Basi Mshona na Wandebele walikaa meza moja, jambo ambalo wengi walidhani halitawezekana tena. Alama yao ilikuwa kiganja kilicho wazi, wakati ZANU-PF husalimu kwa ngumi.

Mambo yalianza kwa baraka. Februari 2000 serikali ilileta katiba mpya ipigiwe kura na wananchi, ikashindwa. Juni mwaka huo huo MDC, chama cha miezi tisa tu, kilipata viti 57 vya Bunge, na ZANU-PF 62. Kwa chama kichanga hivyo ni ajabu. Tena haikuwa kazi ya raha. Wanachama walipigwa, nyumba zilichomwa, wengine waliuawa. Tsvangirai mwenyewe alishtakiwa kwa uhaini, kosa la kunyongwa, hata mahakama ikamwachilia mwaka 2004. Nasema haya ili mtu asije akadhani namdharau. Mtu aliyesimama kizimbani kwa ajili ya wenzake astahili heshima.

Sasa tufike kwenye ufa.

Mwaka 2005 serikali ya Mugabe iliunda baraza la pili la Bunge, yaani Seneti, na kutangaza uchaguzi wake mwezi wa Novemba. Katika MDC watu wakagawanyika. Tsvangirai alisema tusiende: Seneti ni gharama bure wakati watu wana njaa, na uchaguzi wenyewe ni wa wizi. Mwaka ule ule serikali ilikuwa imebomoa vibanda na maduka ya maskini mijini, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi au riziki zao. Je, twende kugombea viti vya anasa juu ya kifusi kile? Bwana Ncube na Bwana Sibanda walisema twende: tukisusa, ZANU-PF itachukua hata viti vya Matabeleland tunavyoweza kuvishinda, na chama kisichogombea hufifia. Ukiniuliza nani alikuwa na hoja bora, nasema zote mbili zilikuwa hoja za watu wenye akili.

Tarehe 12 Oktoba 2005 Halmashauri ya Taifa ya chama ikakutana. Walijadiliana, kisha wakapiga kura ya siri. Waliotaka kwenda uchaguzini walikuwa 33. Waliokataa walikuwa 31. Kura mbili ziliharibika.

Tsvangirai hakuyatii matokeo hayo. Aliondoka mkutanoni na kutangaza kwamba MDC haitashiriki.

Hapa yafaa tukae kidogo, maana ndipo penye jibu la mzee wetu. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano ya parokia. Chukua mfano wa halmashauri ya kigango. Fedha ni chache, na watu wanabishana kama waezeke kanisa kwa bati au wachimbe kisima kwanza. Wanapiga kura: 12 wanataka kisima, 10 wanataka bati. Mwenyekiti anapenda bati. Akitoka nje na kuwatangazia waumini kwamba ni bati, karani ataandika nini katika daftari? Akiandika kisima, anamwasi mwenyekiti. Akiandika bati, anaandika uongo. Na mkutano ujao, nani atakuja kupiga kura? Pengine bati lilikuwa jambo jema zaidi kuliko kisima, lakini hilo sasa halisaidii kitu, maana watu wamekwisha kuona kwamba hesabu yao haina thamani.

Na chama hiki kilikuwa na neno demokrasia ndani ya jina lake. Kilikuwa kikimwambia Mugabe kila siku: hesabu kura kwa haki, na ukishindwa ukubali. Siku ile kura zilihesabiwa nyumbani kwake mwenyewe.

Ndugu mmoja niliyezungumza naye habari hizi alinipinga. Alisema kiongozi anayependwa na umma ana haki ya kuwapita wajumbe wachache waliofungiwa chumbani. Ni kweli kwamba umma ulikuwa upande wa Tsvangirai: uchaguzi ule wa Seneti ulisuswa na wananchi wengi mno, na waliogombea kwa jina la MDC walipata viti 7 tu kati ya 50. Lakini yeye alikuwa na njia. Katiba ya chama ilimruhusu kuitisha mkutano mkuu na kuwaomba wanachama wabadili uamuzi. Wale wa upande wa pili nao hawakuwa malaika. Wangeweza kungoja na kusema naye, lakini waliharakisha wagombea wao wakaandikishwa, na neno la kabila likaanza kunong'onwa pande zote mbili.

Mwaka 2006 zikawapo MDC mbili. Kundi la Ncube, ili lisiitwe chama cha Wandebele, lilimchagua Mshona kuwa mkuu wake, Bwana Arthur Mutambara, mtaalamu wa sayansi aliyekuwa akiishi ng'ambo. Na sikieni kioja: Mutambara mwenyewe alisema waziwazi kwamba angeulizwa, angekataa kwenda Seneti! Jambo lililowagawanya lilikuwa limekufa tayari. Mgawanyiko ndio uliokuwa hai.

Rungu la polisi halikutambua makundi. Tarehe 11 Machi 2007, katika mkutano wa sala huko Highfield, Tsvangirai na Mutambara walikamatwa wote wawili, na Tsvangirai alipigwa hata uso ukavimba na kichwa kikashonwa. Pasaka ya mwaka huo Maaskofu Wakatoliki wa Zimbabwe walitoa barua ya kichungaji yenye maneno makali juu ya mateso ya watu. Wengi walitumaini kwamba maumivu yale yangewarudisha ndugu pamoja, na kweli walianza kuzungumza. Lakini mapema mwaka 2008, wakati wa kugawana majimbo, hasa ya Matabeleland, mazungumzo yakavunjika. Mutambara akamuunga mkono mgombea mwingine, Bwana Simba Makoni, aliyekuwa waziri wa fedha wa Mugabe na aliyetoka ZANU-PF juzi tu.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Machi 2008. Matokeo ya urais yalifichwa zaidi ya mwezi mmoja. Yalipotangazwa yalikuwa hivi: Tsvangirai asilimia 47.9, Mugabe asilimia 43.2, Makoni asilimia 8.3. Sheria ilitaka mshindi apite nusu ya kura. Alipungukiwa na kura mbili na kidogo katika kila mia.

Siwezi kusema kwamba kura zote za Makoni zingemwendea Tsvangirai; nyingine zilikuwa za watu wa ZANU-PF waliomchoka mzee wao. Wala MDC hawakuamini hesabu iliyotangazwa. Lakini hata kwa hesabu hiyo hiyo, theluthi tu ya waliomchagua Makoni, na pengo lingezibwa zaidi ya kutosha. Badala yake ikawa duru ya pili, na kabla yake ghasia za kutisha vijijini: watu walipigwa, walikatwa viungo, waliuawa. Tarehe 22 Juni Tsvangirai alijitoa ili kuokoa maisha ya wafuasi wake. Mugabe akajipigia kura za peke yake. Walioumia zaidi ni wakulima kama sisi, wengi wao hata hawakujua habari za kura 33 na 31.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Serikali ya pamoja ilianza Februari 2009, Tsvangirai akiwa Waziri Mkuu. Mwaka 2013 Mugabe alishinda kwa mbali. Mwaka 2014 Bwana Tendai Biti na wenzake walimtaka Tsvangirai apishe wengine, wakatengana naye. Mwaka 2016 Tsvangirai, akiwa mgonjwa, aliteua makamu wawili wa kuongezea Bibi Thokozani Khupe, aliyechaguliwa na mkutano mkuu. Alipofariki Februari 2018, mmoja wa walioteuliwa, Bwana Nelson Chamisa, kijana mwenye kipaji cha kusema, alishika uongozi mara moja, kabla marehemu hajazikwa. Kule Buhera, mazishini, vijana walimvamia Bibi Khupe, akajificha ndani ya kibanda wakitishia kukichoma. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Rufani ilisema uteuzi ule wa 2016 haukufuata katiba ya chama.

Januari 2022 Chamisa alianzisha chama kipya, CCC. Safari hii aliona dawa ya ugomvi ni kutokuwa na kitabu kabisa: hakuna katiba iliyotangazwa, hakuna katibu mkuu anayejulikana, ili adui asipate pa kupenyeza mkono. Mtu mmoja akawa ndiye chama. Katika uchaguzi wa Agosti 2023 alipata asilimia 44 ya kura za urais, na wabunge zaidi ya mia.

Oktoba 2023 akatokea Bwana Sengezo Tshabangu, akajiita katibu mkuu wa muda wa CCC. Kwa katiba ya Zimbabwe, chama kikimwandikia Spika kwamba mbunge fulani si mwanachama wake tena, kiti huwa wazi. Tshabangu aliandika. Barua yake ya kwanza iliwaondoa wabunge 15. Chamisa alilia kwamba mtu huyo si katibu wa chama, na wengi waliona mkono wa serikali nyuma yake. Lakini alipotakiwa aoneshe katibu wa kweli ni nani, na kwa kifungu gani, hakuwa na daftari la kufungua. Mahakama zikakubali barua zile. Chaguzi ndogo zikafanyika, ZANU-PF ikaviokota viti, na mapema mwaka 2024 ikafikisha theluthi mbili za Bunge, idadi inayotosha kubadili vifungu vya katiba ya nchi. Chamisa alikwisha kukiacha chama tarehe 25 Januari mwaka huo.

Oktoba 2024 mkutano wa ZANU-PF mjini Bulawayo, huko huko Matabeleland, ulipitisha azimio la kutaka Rais Mnangagwa aongezewe muda hadi mwaka 2030.