Nafasi ya Diski na Nafasi ya Lahaja: Hoja kutoka Munje

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wanafunzi wa Kiswahili huutaja msemo huu kila tunapoizungumzia fasihi simulizi ambayo haijaandikwa. Dhamira ya makala haya ni kuonyesha kwamba hata iliyokwisha kuandikwa hupotea, endapo daftari lenyewe halifunguki. Ninashikilia kwamba kulifungua ni wajibu wetu, na kwamba hata jambo linaloonekana kuwa la kifundi tupu, kama vile kupanua diski pepe katika programu inayoiga kompyuta kongwe, ni suala la uhakiki wa matini.

Nitoe mfano. Munje ni kijiji cha ufuoni upande wa Msambweni, Kaunti ya Kwale, na ni miongoni mwa mahali panapozungumzwa Kichifundi. Uchunguzi wa H. E. Lambert kuhusu lahaja hii ulichapishwa mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya ule wa Kivumba. Nilipokuwa nikikusanya ngano huko kwa ajili ya tasnifu yangu, familia moja iliniruhusu kunakili diski kuu ya kompyuta ya marehemu mzee wao, aliyekuwa mwalimu. Mashine ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi, ila diski ilisomeka. Ndani mlikuwa na ngano, vitendawili, na majina ya samaki na ya zana za uvuvi, vyote vimechapwa kwa programu ya enzi ya Windows 95. Sharti la mjane wake lilikuwa moja tu: maneno ya mzee yasibadilishwe.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini maandishi hayo yasihamishiwe tu katika kompyuta ya leo? Jibu ni kwamba marehemu alitumia fonti maalumu, ambamo baadhi ya herufi zilikuwa zimepewa alama za kutofautisha sauti zenye mpumuo na zisizo nao. Faili zake zikifunguliwa katika programu za sasa, alama hizo hugeuka vinyago visivyosomeka. Mtafiti mwenye haraka atazifuta, na kwa kuzifuta atakuwa ameifuta fonolojia ya lahaja. Njia salama ni kuiwasha kompyuta ya mzee upya, japo kwa kuigwa. Zipo programu huria za kazi hiyo: DOSBox iliyotoka mwaka 2002, na QEMU iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Waitaji wengi huziita emuleta. Mimi napendekeza tuziite viigizi. Kwa kiigizi, diski kuu nzima ya zamani ni faili moja tu ndani ya kompyuta ya leo, na hiyo ndiyo niitayo diski pepe.

Hapa ndipo tatizo la nafasi linapozuka. Diski ya mzee ilikuwa ya MB 540 na ilikuwa imejaa pomoni. Windows 95 huazima sehemu ya diski ili kuongezea kumbukumbu, na programu ya kuchapia nayo huunda faili za muda kila inapofungua waraka. Pasipo nafasi tupu, waraka haufunguki, wala hauwezi kutolewa katika umbo la kurasa. Hivyo mtafiti hushawishika kuipanua diski.

Kuipanua kunawezekana, lakini kuna ngazi tatu ambazo wengi huzichanganya. Ngazi ya kwanza ni faili la diski pepe lenyewe: amri moja ya QEMU huliongeza ukubwa. Wengi hukomea hapo, kisha hushangaa kuona kwamba Windows bado inalalamika kuwa imejaa. Ni sawa na mtu aliyenunua kiwanja cha jirani bila kuubomoa ukuta ulio kati. Nyumba yake haijaongezeka hata chumba. Ngazi ya pili, basi, ni kusogeza mpaka wa kitengo kilichomo ndani ya diski. Ya tatu ni kuurekebisha mfumo wa faili, yaani daftari linaloonyesha kila waraka umekaa wapi. Katika mfumo wa FAT16, ambao ndio uliotumiwa na Windows 95 ya mwanzo, kitengo hakiwezi kuzidi GB 2. Aidha, kitengo kikivuka GB 1, vikasha vya kuhifadhia hulazimika kuwa vya KB 32 kila kimoja, hata ngano ya KB 3 ikakalia KB 32 nzima. Kwa hiyo, kupanua kupita kiwango hicho kunamaanisha kupanga upya makazi ya kila waraka.

Huo ndio msingi wa hoja yangu. Nafasi tunayoiita tupu katika diski kongwe si lazima iwe tupu. Waraka uliofutwa hubaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Yamkini rasimu ya kwanza ya ngano, ambayo msimulizi aliisahihisha baadaye, ingali imelala humo. Kupanga upya vikasha kunaweza kuifuta kabisa. Hata kule kuiwasha Windows tu huandika mambo mapya katika diski. Mhakiki wa hati za Kiarabu hathubutu kukwangua wino wa chini ili apate mahali pa kuandikia maelezo yake. Kwa nini basi tuifanyie hivyo diski ya mwalimu wa Munje?

Rai yangu ni kwamba asili isiguswe, nafasi iongezwe pembeni. QEMU inaruhusu diski ya asili ibaki msingi usioandikwa, na kila badiliko liwekwe katika faili jingine lililo juu yake. Fauka ya hayo, kiigizi kinaweza kupewa diski ya pili, ngeni na tupu, ambako faili za muda na kurasa zinazotolewa zitaelekezwa. Kwa njia hii sharti la mjane linatimizwa, na mtafiti mwingine anaweza kuanza upya pale pale nilipoanzia mimi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya wanasayansi wa kompyuta. Mtaalamu wa kompyuta ataijua diski, lakini hatajua kwamba alama ndogo baada ya herufi ‘t’ hubeba maana. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyenakili tendi nyingi, alikuwa pia mshairi. Aliielewa lugha aliyokuwa akiinakili. Isitoshe, urithi huu hauishii Munje. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Istilahi zake ni matini ya historia ya lugha yetu. Mwanafunzi atakayetaka kuziona zilivyotumika kwenye menyu na vidirisha, badala ya kuzisoma katika orodha, atalazimika kuwasha kiigizi, naye atakabiliwa na suala lile lile la nafasi.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu mambo mawili. Kwanza, tasnifu inayotumia nyaraka za kompyuta kongwe iambatane na nakala ya diski isiyoguswa, pamoja na daftari la kila hatua iliyochukuliwa, kwa idhini ya wenyewe. Pili, somo la mbinu za utafiti litenge walau kipindi kimoja cha kuifundisha kazi hii. Nanyi wanachama wenzangu, mrudipo makwenu likizoni, ulizeni kama kuna disketi au kompyuta bovu iliyotiwa darini. Msiikarabati, msiifute, wala msiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Inakilini kwanza. Mzee aliyechapa ngano zake kwa vidole viwili usiku kucha alidhani ameziokoa. Kazi iliyobaki ni yetu.